Koko anakuja na mufuko yake ya bipande ya bikwembe: tuunganishe namna gani blangeti ya familia?

Nyota_Bkv (Bukavu)

Jambo yenu bote. Niko na swali ya kushona na kidogo ya familia pia, mutanivumilia kama inakuwa ndefu.

Koko yetu (bibi yetu) anaishi Kaziba, mu kijiji. Kila mwaka anakujaka Bukavu mu mwezi ya kumi na moja, kiisha kupanda maharage ya mwezi ya tisa na kupalilia, juu mbele ya hapo hata umutumie gari ku mulango haachi shamba. Akifika anapitia batoto yake bote, anaanzia kwetu Ibanda, anaenda Bagira kwa tantini, anamalizia Panzi kwa mama mudogo, na kila nyumba anaikaa mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha. Hakujaka mikono mitupu: kitunga yenye amefuma, unga ya mihogo, na ile mufuko ya bipande.

Ile mufuko ni ya zamani kupita miye. Kila mutu wa familia akishonesha nguo, koko anaomba yenye inabakia, hata kama ni kama kiganja. Mule ndani kuko kikwembe (kitenge) ya ndoa ya wazazi wangu, kuko za huit mars (siku ya banamuke) sijue ngapi, za Mamans Catholiques, kuko ya sista Anuarite ya 1985, wakati Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa kumutangaza mwenye heri, kuko hata Mobutu na kofia yake ya chui, lakini mukasi ilipita mu uso, amebakia na jicho moja.

Sasa mwaka huu amesema tushone blangeti moja kubwa, na kila mujukuu aweke mukono. Shida njo inaanzia hapo. Yeye anataka yote kwa sindano ya mukono, lakini macho haione tena vizuri, kuingiza uzi tu anaita mutoto. Mama anasema tupeleke kwa fundi, amalize na mashini, tuache kelele. Bandugu bengine banasema tukishona na mashini basi haina maana.

Maswali yangu: bipande ingine ni ya zamani sana na ingine ni mupya, nikifua yote pamoja rangi haitatoka? Katikati tuweke nini ili ikuwe na joto, juu hapa Bukavu mvua ikinyesha usiku baridi munaijua? Kikwembe nzito na nyepesi zinaweza kaa pamoja? Na ya mwisho, kuko kipande ya kikwembe ya matanga ya tate (bwana ya koko). Tantini wa Bagira anasema hawezi kulala chini ya nguo ya matanga. Koko anasema ni ya bwana yake na itakuwa katikati. Munasema nini?

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Dada Nyota, miye ni fundi, niko na mashini ya miguu, nitajibu ya kazi, ya matanga nitaachia bamama.

Kwanza chambua ile mufuko mbele ya kukata chochote. Chukua kila kipande, geuza. Wax ya kweli rangi iko sawa mbele na nyuma, huwezi hata kujua wapi ni mbele. Zile za kuchapa upande moja, nyuma iko ya kufifia, hizo rangi inakimbia mbio na kitambaa ni nyepesi. Fanya mafungu: wax nzito peke yake, nyepesi peke yake, na zile zenye ukivuta kidogo zinapasuka weka kando. Hiyo ya kupasuka usitupe, kama koko anaipenda (Anuarite ya 1985 naona ni moja yao) unashonea nyuma yake kitambaa ingine, kipande ya dra (shuka) ya zamani ya pamba, halafu unaikata zote mbili pamoja kama kitu moja. Hapo inavumilia. Dawa ya nyepesi ni hiyo hiyo: ukiipatia mugongo inakuwa na uzito sawa na jirani yake. Nguo ya kuvutika, sijue tisheti, sijue likra, usiweke hata kama ni ya mujukuu gani, itakunja kila kitu kandokando yake.

Kipimo: kata karito (mraba) ya santimetre 17 kwa 17, njo patro yenu. Unashona ukiacha santi moja kila upande, inabakia 15. Ukipanga 12 kwa upana na 15 kwa urefu unapata mètre 1,80 kwa 2,25, inafunika kitanda ya bantu babili na inashuka kidogo. Ni bipande 180. Bipande bidogo kama kiganja unaunganisha kwanza mbili ao ine mpaka ifikie ile karito.

Shona mistari kwanza, kila mustari bipande 12, piga pasi, mustari moja mishono ilale kuume, wa kufuata ilale kushoto. Watu banapuuza hii, kiisha wakifika ku kona banakuta mishono ine imekaa mahali pamoja, sindano ya mashini inavunjika, banasema fundi ni mubaya.

Chini weka kikwembe nzima, moja yenye haina kelele mingi. Bikwembe tatu ni yadi 6, ni kama mètre 5 na nusu: kata mara mbili sawasawa, unganisha kando kwa kando, unabakia hata na ya kuzungushia mipaka.

Ya katikati: usiweke pamba ya farmasi, tafazali. Ukifua mara ya kwanza inajikusanya mu kona kama fufu. Usiweke mousse ya godoro, haikaukake. Nenda ku chagua (soko ya mitumba), tafuta blangeti ya polari ya kukaa kidogo nyembamba, yenye wengine bamekwisha fua mara mingi, hiyo hairudi tena ndogo. Moja inatosha kwa Bukavu.

Mukono ao mashini? Miye ningesema kuunganisha bipande 180 ni kazi ya mashini, kila mutu akishona yake na mukono mushono moja utakuwa wa kubana, mwingine wa kulegea, mu mwaka moja inafunguka. Lakini kushikanisha zile tatu (juu, katikati, chini) hapo mashini yangu mwenyewe haiipendi, inakuwa nzito na inajivuta. Hiyo fanyeni na mukono, kwa mafundo: uzi ya nguvu ya pamba, unaingiza sindano ku kona kwenye bipande ine inakutana, unatokea chini, unarudi juu, unafunga mara mbili, unakata. Mu hiyo blangeti kona za ndani ni 154. Koko akuwe na bajukuu kumi, kila mutu ni kama mafundo 15, na mutoto ya miaka saba anaweza.

MamaMapacha_Goma (Goma)

Fundi amesema kweli mingi lakini kwa rangi nitaongeza: loweka kila rangi peke yake mu maji baridi ya chumvi na vinegre usiku moja, mama yangu njo alifanyaka ivo na bikwembe yake mpaka leo iko na rangi. Nyekundu na bulu ya giza usizichanganye hata kwa bahati mbaya.

Sasa kwa mambo ya matanga. Mimi kwetu baba alikufa tukakata kikwembe ya familia bote, bamama kwa bababa, na kiisha matanga kila mutu alirudi nayo kwake. Inavaliwa ku soko, ku shamba, inabeba batoto ku mugongo. Kama ingekuwa na ubaya Goma muzima ingekuwa na ubaya, juu hakuna nyumba yenye haina kikwembe ya matanga. Mutoto amelalia mu ile nguo toka azaliwe, leo akikuwa mukubwa asilale chini yake? Tantini amutulie koko. Lakini pia, dada, heshima ni heshima: kama tantini ni mutoto ya huyo muzee na bado inamuuma, ukimulazimisha atakuja kulala kwenu na roho ya juu. Wekeni ile kipande karibu na upande koko analalia. Mu familia yetu tungefanya ivo.

Na usimuache koko akikaa tu kuangalia. Mupatieni kazi ya kupanga. Munatandika dra mu salo, munamwaga bipande yote 180, yeye anaonyesha na fimbo: hii ikae hapa, hapana, toa, weka ile. Macho ya kuingiza uzi hana, lakini ya kuona rangi bado iko. Batoto nyuma yake banakimbia. Batoto banaume pia! Huku kwetu muzee wa kwetu anachongeaka bajukuu chukudu ndogo (gari ya mbao ya magurudumu mbili) za kuchezea, na basichana ndio wa kwanza kupanga mustari. Basi na bijana bashone.

Fundi_Kadutu

Mama Mapacha shikamoo, lakini hiyo ya chumvi na vinegre tuliisikiaka bote na miye siikubali. Rangi za viwanda za sasa hazishikwe na chumvi ya jikoni, kama inatoka itatoka tu. Bikwembe ya mama yako ilikuwa ya muzuri toka dukani, njo maana iko mpaka leo. Fanya ivi: kila kipande ya kushuku, lowesha kona, kandamiza na kitambaa nyeupe. Nyeupe ikibakia nyeupe, endelea. Ikishika rangi, fua peke yake mu maji baridi, tena na tena, mpaka maji itoke safi. Yenye haimalize kutoka, toa mu kazi, hata kama ni ya nani.

Na mbele ya kukata, FUA YOTE. Hata ile mupya. Kikwembe mupya iko na amido (wanga) ya kuifanya ingae na ikauke kama karatasi, ukiishona mbele ya kufua, siku ya kwanza ku maji inarudi ndogo na jirani yake ya zamani inabakia ile ile, blangeti yote inajikunja.

MamaMapacha_Goma

Marahaba fundi. Chumvi nitaweka tu, haiue mutu 😄

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi, komine ya Kenya)

Bonjour. Siye huku Lubumbashi mu mwezi ya kumi tunalala na madirisha wazi, joto ya kuua, blangeti tunaitafuta mu mwezi ya sita na ya saba. Kwa hiyo nikisoma hii nacheka kidogo. Lakini miye ni muntu ya Kasai kwa upande ya mama, na kambo wangu alituonyeshaka nguo ya bakuba ya makuti, basi nasema kitu.

Kwa bakuba, banaume njo banafuma ile nguo ya raphia, banamuke njo banashonea mapambo juu. Kiisha kufuma nguo inakuwa ngumu, banaitwanga mu kinu ili ilainike, na mu kutwanga inatobokaka. Banasemaka njo ile mapambo yenye tunaona juu ya jupe zao za ndefu ilitoka: walianza kuziba matundu, halafu wakaona tundu moja iliyozibwa peke yake inaonekana mubaya, wakaweka kiraka ingine penye hakuna tundu, na ingine, mpaka nguo yote ikakuwa na maana. Leo iko mu mamuze ya Bulaya na bantu banalipa kuingia kuiangalia.

Nataka kusema nini: hii ya fundi ya kupanga santimetre 17 kwa 17 ni muzuri kwa kitanda, lakini musiogope kipande yenye haiingie mu karito. Kama Mobutu amebakia na jicho moja, mushonee juu, jicho na kofia, bila kumukata tena. Kikwembe ya muzee pia. Kata yenye umbo yake ilikuwa nayo mu mufuko, kunja kando, shonea juu ya bipande ingine kwa mukono. Koko anaweza kuchagua wapi, na hapo hata tantini ataona ni kama picha ya baba yake ku ukuta, si kama nguo ya kulazwa.

kijana_sérieux (Bukavu)

Mafundo 154, karito, kuloweka usiku… Munajua ku Kadutu kuko blangeti ya Chine ya kulala bantu batatu? Mutalipa polari, uzi, fundi, kikwembe ya chini, mutapita bei yake mara mbili.

Nyota_Bkv

@kijana_sérieux tunazo mbili tayari, aksanti. Koko analalia juu yake, hajifunike nayo, anasema inapiga umeme mu nywele.

Bibi_mdogo_Ohio (Marekani)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Uvira, nimekulia kambini Nyarugusu kule Kigoma, sasa naishi Ohio, kwa hiyo Kiswahili changu mtanisamehe kimechanganyikana.

Nimesoma huu uzi wote nikiwa kazini najificha, kwa sababu hicho anachotaka koko ndicho wanachofanya wabibi wa huku, wanaita kwilti. Wakati huu majani ya miti yanageuka mekundu na ya manjano, baridi inaanza, na wabibi wanakutana kanisani kushona. Wengine wanashona kwa ajili ya wajukuu watakaokuja Thanksgiving, ile Alhamisi ya nne ya mwezi wa kumi na moja, familia zinapokusanyika. Yaani mwezi uleule wa koko wa Kaziba, ila huku shamba limekwisha vunwa na kwenu ndiyo kwanza maharage yana maua.

Kanuni yao ni ileile ya fundi: tabaka tatu, juu vipande, katikati kitu cha joto, chini kitambaa kizima. Wakishapanga zile tatu hawaanzi kufunga mafundo moja kwa moja. Kwanza wanatandika chini sakafuni, kitambaa cha chini kinavutwa na kubandikwa kwa utepe wa gundi kwenye sementi kisicheze, kinakuwa kikubwa kuliko cha juu kama santimeta tano kila upande. Halafu wanapiga mshono mrefu mrefu wa kushikiza kwa muda, wakianzia KATIKATI kwenda nje. Ukianzia pembeni, mikunjo yote inakimbilia katikati na hapo huwezi kuitoa tena. Ukimaliza mafundo ndiyo unang'oa ule uzi wa muda. Fundi hajasema hilo, labda kwake ni jambo la kawaida mno.

Pia wengi wao hawafungi mafundo, wanapiga mshono mdogo mdogo wa mkono juu ya tabaka zote tatu, mistari na maua. Unapendeza sana ila ni kazi ya majira mazima ya baridi. Kwa koko mwenye macho hafifu na wajukuu wengi, mafundo ni bora.

Halafu kuna kijiji huko Alabama kinaitwa Gee's Bend. Wanawake weusi, wajukuu wa watumwa wa shamba la pamba, walikuwa wanashona mablanketi kwa suruali za kazi zilizochakaa na magunia, ili watoto wasife baridi, nyumba zao zilikuwa na nyufa. Hawakupima sawasawa, mistari inapinda, rangi wanaweka wanavyojisikia. Mwaka 2002 yakatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu. Ndugu wa Lubumbashi nakuunga mkono hapo. Ila karatasi ya kipimo ya fundi ishikeni kwa wajukuu wadogo, mtoto bila kipimo atakata mpaka mkeka.

Kuhusu nguo ya matanga sina neno, huku nimeona watu wanaenda kwa mshonaji na mashati ya marehemu kabisa, wanaomba blanketi kwa makusudi.

Fundi_Kadutu

Mama wa Ohio umenikamata, ile ya kuanzia katikati miye nafanyaka bila kufikiri. Ni kweli. Na kwa macho ya koko: nunueni sindano ya tundu kubwa, ya kufuma tricot ndogo, na mutoto moja aingize nyuzi ishirini asubui mbele ya masomo, azichomeke mu kipande ya mousse. Koko anachukua tu, ikikwisha anachukua ingine. Hataita mutu.

Nyota_Bkv

Aksanti yenu bote, kweli. Nimesomea koko majibu ku telefone (yuko bado Kaziba, rezo inakatika kila mara) na haya njo maamuzi yake, si yangu:

Mashini anakubali kwa mistari, lakini fundi akuje nyumbani ao siye twende kwake na yeye akae kando, juu hataki kipande ipotee. Mafundo ni mikono. Chumvi, anasema huyo mama ya Goma ana akili, na fundi pia ana akili, tufanye zote mbili. Mobutu atashonewa juu, ku upande wa miguu. Nilimuuliza juu ya nini miguu, akasema yeye koko alisimama sana mbele yake ku salongo (kazi ya lazima ya wakati ya Mobutu) miaka yote ile, sasa na yeye asimame.

Kwa kikwembe ya tate, alinyamaza kidogo halafu akasema ataongea mwenyewe na tantini akifika Bagira, tusimuongelee mbele. Kwa hiyo hapo nimefunga kinywa.

Swali moja tu inabakia kwa fundi: mistari 15 utatufanyia bei gani kama siye tunaleta bipande imekwisha katwa na kupigwa pasi? Na iko mu Kadutu upande gani?

Fundi_Kadutu

Bei nitaandika mu inbox, hapa bakliyenti bengine banasoma 😂. Kuja juma ine ao juma tano asubui, juma mosi kuko kelele ya marshe na koko atachoka. Mulete uzi yenu, rangi moja tu, kijivu, inaingia mu rangi zote. Na epingle mingi, miye niko nazo kidogo.

MamaMapacha_Goma

Nyota, mukimaliza weka picha. Na umuulize koko ile kitunga anafuma na nini, majani gani, juu hapa Goma zenye tunanunua zinapasuka mu miezi miwili.